Kifaa usichokitambua katika akaunti yako: namna ya kukichunguza, kukiondoa na kuziba njia kiliyopitia

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Tahadhari inayosema kwamba kifaa kipya kimeingia katika akaunti ya barua pepe au ya mawasiliano hupokelewa na watu kwa namna mbili. Wako wanaoifuta bila kuisoma kwa kudhani ni tangazo, na wako wanaoshtuka, wakabadili nywila papo hapo na kuamini kuwa jambo limekwisha. Wote hao huweza kuendelea kukaa na mgeni ndani ya akaunti zao kwa muda mrefu: wa kwanza kwa sababu hawakutazama, na wa pili kwa sababu nywila siyo mlango pekee wa akaunti.

Mtu anapoingiza nywila katika simu au kompyuta kwa mara ya kwanza, kampuni inayotoa huduma hukipa kifaa hicho kibali cha kielektroniki. Kibali hicho ndicho kinachoifanya simu isiulize nywila kila asubuhi. Kifaa huendelea kukitumia kwa siku, wiki au miezi, na mara nyingi hakiulizwi tena chochote. Kubadili nywila peke yake, kwa baadhi ya huduma, ni sawa na kubadili kufuli la mlango wakati mtu yumo ndani. Hataweza kuingia upya akitoka, lakini hakuna aliyemwambia atoke.

Huduma hutofautiana katika jambo hili, na tofauti hizo zina uzito. Google hukiondoa kila kifaa kilichomo pindi nywila inapobadilishwa, isipokuwa baadhi, vikiwamo vile ambavyo akaunti huvitumia kuthibitisha kuwa anayeingia ni mwenyewe. Maana yake ni kwamba simu ya mtu mwingine iliyokwisha kuwekwa kama simu ya uthibitisho inaweza kusalimika. WhatsApp, kwa upande wake, haifunguliwi kwa nywila ya kawaida bali kwa namba ya simu, na kuweka namba ya siri ya tarakimu 6 hakukiondoi kifaa kilichokwisha kuunganishwa. Kwa sababu hiyo, kila akaunti ina sehemu mbili za kushughulikiwa, yaani nywila au namba ya siri, na orodha ya vifaa. Wananchi wengi wanaijua ya kwanza tu.

Jambo hili haliwahusu vijana wa mijini peke yao. Sehemu kubwa ya mawasiliano ya mwananchi na taasisi za umma sasa hupitia barua pepe na simu ya mkononi. Mwombaji wa kazi katika mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hufungua akaunti kwa barua pepe, na anayeimiliki barua pepe hiyo anaweza kuomba nywila mpya ya mfumo na kuipokea yeye. Kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa hupeana taarifa za michango katika kundi la WhatsApp. Wazazi hupokea humo matangazo ya shule. Aliyemo ndani ya akaunti ya mjumbe mmoja anawasoma wote.

Je, ni mwizi kweli?

Kabla ya kuchukua hatua, ni vyema mtumiaji akatambua kuwa jina geni katika orodha si lazima liwe la mhalifu. Hofu isiyo na uchunguzi huwafanya watu waondoe vifaa vyao wenyewe, kisha wakashindwa kurudi kwa sababu nywila walishaisahau.

Simu huorodheshwa kwa jina la modeli au kwa namba ya kiwandani, na si kwa jina ambalo mwenyewe anaifahamu. Aliyezoea kusema "simu yangu ndogo" anaweza kukuta mfululizo wa herufi na tarakimu asioujua. Jina hilo lilinganishwe na lile linaloonekana ndani ya mipangilio ya simu, katika sehemu ya "Kuhusu simu". Aidha, kifaa kimoja huweza kuonekana mara mbili au tatu, kwa mfano pale mtu alipoingia kwa kivinjari na pia kwa programu.

Mahali panapoonyeshwa nako kuna mtego. Huduma hizi hukadiria eneo kwa kutumia anwani ya IP ambayo mtandao wa simu umekipa kifaa, na anwani hiyo huweza kuelekeza kwenye mitambo ya kampuni ya simu badala ya mahali alipo mtumiaji. Mkazi wa Sumbawanga au Tunduru hana sababu ya kushtuka kwa kuona tu neno Dar es Salaam. Anayetumia VPN anaweza kukuta akaunti yake ikionekana kufunguliwa Ulaya. Tarehe na saa ndiyo ushahidi ulio bora zaidi. Kifaa kilichoingia saa nane usiku wa siku ambayo mtumiaji alikuwa amelala, au siku ileile simu ilipokuwa kwa fundi, kinasema mengi kuliko jina la mji.

Iko pia hali nyingine, ambayo kwa maoni ya mwandishi wa makala haya ndiyo iliyoenea zaidi na inayozungumzwa kidogo kuliko zote. Wananchi wengi hawakufungua akaunti zao wenyewe. Mtu amenunua simu dukani, na muuzaji, kwa nia njema, akamfungulia akaunti ya Google ili aweze kupakua programu. Akaweka nywila anayoijua yeye, na mahali pa namba ya kurejesha akaunti akaandika namba yake. Au mhitimu amekwenda steshenari kutuma maombi ya kazi au ya mkopo wa elimu ya juu, akafunguliwa barua pepe katika kompyuta ya dukani, na kompyuta hiyo ikabaki imeingia katika akaunti yake. Kifaa kigeni kinachoonekana katika orodha ya mtu wa namna hii ni kile cha aliyemsaidia. Huenda msaidizi huyo hana nia mbaya yoyote na pengine amekwisha kusahau. Hata hivyo kompyuta ile hutumiwa na wateja wengi kila siku, na simu ile inaweza kuuzwa kesho.

Katika hali hiyo mpangilio wa hatua hubadilika. Kinachotangulia ni kuondoa namba na barua pepe ya kurejesha akaunti isiyo ya mwenyewe na kuweka yake, kwa kuwa anayeshika namba ya kurejesha anaweza kuirudisha akaunti mikononi mwake hata baada ya kuondolewa. Google huweza kuendelea kukubali kutuma msimbo wa uthibitisho kwa namba ya zamani kwa siku 7 baada ya badiliko, kwa hiyo orodha ya vifaa ikaguliwe tena baada ya wiki moja. Aliyefunguliwa akaunti kwa njia hii na ambaye hajawahi kujua nywila yake anashauriwa kulishughulikia jambo hili leo, wakati simu bado inafanya kazi, kwani siku simu ikipotea atalazimika kumtafuta muuzaji ili aingie katika akaunti yake mwenyewe.

Hatua za kuchukua

Tahadhari ya kuingia kwa kifaa kipya nayo huigizwa na matapeli. Kwa hiyo kiungo kilichomo ndani ya ujumbe kisibonyezwe. Mtumiaji afungue mwenyewe mipangilio ya huduma husika. Kama tahadhari ni ya kweli, taarifa ileile ataikuta humo.

Kwa akaunti ya Google, fungua mipangilio ya simu, chagua Google, kisha "Dhibiti Akaunti yako ya Google", halafu sehemu ya usalama, na humo utaona "Vifaa vyako". Kwa WhatsApp, fungua mipangilio, au nukta tatu zilizo juu kulia, na uchague "Vifaa vilivyounganishwa". Telegram inayo sehemu ya vifaa ndani ya mipangilio yake, na Facebook na Instagram huionyesha orodha hiyo ndani ya Kituo cha Akaunti, chini ya nywila na usalama.

Kabla ya kugusa kitu chochote, piga picha ya skrini inayoonyesha jina la kifaa, tarehe, saa na mahali. Wananchi wengi huondoa kwanza na kukumbuka ushahidi baadaye, wakati taarifa zimekwisha kubadilika.

Baada ya hapo kifaa kiondolewe, na nywila ibadilishwe katika kikao hichohicho, bila kusubiri kesho. Ukikiondoa kifaa ukaacha nywila ileile, anayeijua ataingia tena. Ukibadili nywila bila kutazama orodha, yawezekana hujamtoa mtu. Nywila mpya isifanane na ya zamani kwa kuongezewa tarakimu mwishoni, na isitumike katika akaunti nyingine. Kazi hii ifanyike katika simu ya mwenyewe, si katika kompyuta ya ofisini wala ya steshenari.

Kisha hufuata sehemu ambayo watu wengi huiruka. Mvamizi mwenye uzoefu hujiachia njia ya kurudi. Katika barua pepe, anaweza kuwa ameweka agizo la kupeleka nakala ya kila barua kwenye anwani yake, au kichujio kinachoficha barua za benki zisionekane kwenye kikasha. Anaweza kuwa ameongeza namba yake ya kurejesha akaunti, au ameipa programu fulani ruhusa ya kusoma barua. Haya yote hayaonekani katika orodha ya vifaa na hayaondoki kwa kuondoa kifaa. Kila moja lina sehemu yake ndani ya mipangilio na litazamwe kwa zamu. Mwisho iwashwe huduma ya uthibitishaji wa hatua mbili, ambayo hudai kitu cha pili mbali na nywila kila kifaa kipya kinapotaka kuingia.

Kwa watumiaji wa Telegram, kuna sababu ya kuwahi. Kifaa kilichoingia karibuni hakiruhusiwi kuviondoa vifaa vingine mpaka saa 24 zipite. Mwenye akaunti anayeiona tahadhari siku hiyohiyo na kubofya chaguo la kuondoa vifaa vingine vyote humtoa mgeni kabla mgeni hajapata uwezo wa kumtoa yeye.

WhatsApp na ujumbe wa "tuma kwenye namba hii"

WhatsApp inastahili maelezo yake ya pekee, kwa kuwa ndiyo inayotumika zaidi katika mambo ya fedha baina ya jamaa na marafiki. Mbali na simu kuu, huduma hii huruhusu hadi vifaa 4 kuunganishwa. Kila kimoja hupokea ujumbe unaoingia, huweza kutuma kwa jina la mwenye namba, na kinapounganishwa huletewa pia sehemu ya mazungumzo ya nyuma. Usimbaji unaosifiwa kwa kulinda mazungumzo dhidi ya watu wa njiani haumzuii mtu huyu, kwa sababu katika macho ya mfumo yeye ni mmoja wa vifaa halali. Vifaa hivyo hufanya kazi hata simu kuu ikiwa imezimwa, na huondolewa vyenyewe endapo simu kuu haikutumika kwa zaidi ya siku 14. Simu inayotumika kila siku, basi, haitamwondoa mgeni kamwe mpaka mwenyewe amwondoe.

Kuunganishwa huko hutokea kwa njia mbili. Ya kwanza ni kushika simu ya mtu kwa muda mfupi, ikiwa haijafungwa, na kuielekeza kwenye msimbo wa QR ulio katika kompyuta. Sekunde chache hutosha: simu iliyoachwa kwa fundi pamoja na mchoro wake wa kufungulia, iliyoazimwa na jirani, au iliyoachwa mezani. Simu iliyowekewa alama ya kidole au uso hudai uthibitisho huo kabla ya kuunganisha kifaa, nayo ni sababu nzuri ya kuiweka.

Njia ya pili haihitaji kuigusa simu. Mwananchi hupokea kiungo, mara nyingi kutoka kwa mtu anayemfahamu ambaye akaunti yake imekwisha kuvamiwa, kikimwomba ampigie kura mtoto katika shindano au athibitishe zawadi. Ukurasa humtaka aandike namba yake ya simu, kisha humwonyesha msimbo wa herufi na tarakimu 8 na kumwelekeza auingize ndani ya WhatsApp. Anapouingiza, anakuwa amekiunganisha kifaa cha tapeli kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna shindano wala zawadi ya kweli inayomtaka mtu aingize msimbo katika sehemu ya vifaa vilivyounganishwa.

Ieleweke kwamba kifaa cha namna hiyo hakiwezi kutoa fedha katika akaunti ya M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa au Mixx by Yas, ambazo hulindwa kwa namba yake ya siri. Hasara hutokea kwa mlango mwingine. Watanzania wameuzoea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" unaotoka kwa namba isiyojulikana, na wengi siku hizi huucheka. Mambo huwa tofauti ujumbe huohuo unapotoka kwa namba ya dada, ndani ya mazungumzo yaleyale ambamo asubuhi mlikuwa mkijadili ada ya mtoto, ukitaja jina la mtoto na kiasi kilichobaki. Tapeli hahitaji tena kubahatisha, kwa kuwa ameyasoma mazungumzo. Kabla ya kutuma fedha kwa namba mpya, pigeni simu ya sauti, na msikie sauti ya mhusika. Ujumbe wa sauti uliorekodiwa hautoshi.

Aliyegundua kifaa kigeni katika WhatsApp akishakiondoa, aweke namba ya siri ya hatua mbili, na awaarifu ndugu na makundi aliyomo kwamba ujumbe wa kuomba fedha uliotoka kwake siku zilizotajwa si wake. Baadhi ya watu huona aibu kutoa tangazo hilo. Aibu hiyo ndiyo muda ambao tapeli anautumia.

Mgeni anapokuwa mtu wa nyumbani

Si kila kifaa kigeni ni cha mtu wa mbali. Mara nyingine kompyuta iliyounganishwa ni ya mwenza, ya ndugu au ya mwajiri. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inampa kila mtu haki ya hifadhi ya maisha yake binafsi na mawasiliano yake, nayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haikuweka msamaha kwa aliyeoana na mwenye akaunti.

Hata hivyo, katika nyumba yenye vitisho au vipigo, ushauri wa kuondoa kifaa mara moja unaweza kuleta madhara. Anayefuatilia ataona ametolewa, na atajua kuwa amegundulika. Mtu aliye katika mazingira hayo anashauriwa atunze ushahidi wa picha, atumie simu ya mtu anayemwamini katika mawasiliano muhimu, na afike kwanza katika Dawati la Jinsia na Watoto lililopo katika kituo cha Polisi. Kifaa kitaondolewa baada ya usalama wake kupangwa.

Sheria na mahali pa kutoa taarifa

Kifungu cha 4 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao kinakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta kwa makusudi na bila idhini, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 3 au mara tatu ya manufaa yaliyopatikana, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote kwa pamoja. Kifungu cha 5 kinahusu kubaki ndani ya mfumo baada ya muda wa ruhusa kwisha. Hiki kinafaa kufahamika na wanaowasaidia wengine kufungua akaunti: kuruhusiwa kuingia siku ya kwanza hakumpi mtu haki ya kuendelea kuwamo.

Malalamiko ya uvamizi wa akaunti hufunguliwa katika kituo chochote cha Polisi. Mlalamikaji aende na picha za skrini, namba zilizotumiwa kuomba fedha, na kumbukumbu za miamala endapo kuna aliyetuma. Aliyetuma fedha aipigie kampuni yake ya simu, namba 100, bila kuchelewa, kabla fedha hazijatolewa. Namba ya tapeli na ujumbe wake vitumwe kwenda 15040, namba ambayo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) imeielekeza kwa kazi hiyo. Kwa kupiga *106# mwananchi anaweza pia kuona namba za simu zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha Taifa, na asiyoitambua aifikishe kwa kampuni ya simu husika ili ifutwe. Pale ambapo taasisi au mfanyabiashara amehifadhi au kutumia taarifa za mteja kinyume cha ridhaa yake, malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Baada ya kukamilisha hatua hizi, mtumiaji wa akaunti ya Google asishangae kukiona kifaa kilekile bado kimo katika orodha kwa wiki kadhaa. Orodha hiyo huonyesha vifaa vilivyotumika ndani ya siku 28 zilizopita, na kilichoondolewa huwekewa maelezo kwamba kimekwisha kutolewa. Ikiwa maelezo hayo hayapo, au tarehe ya mwisho ya matumizi ni ya baada ya siku kilipoondolewa, kuna njia ambayo haijazibwa, na pa kuanzia ni namba ya kurejesha akaunti.